Mshairi Anayerukwa na Akili Chuoni: Mwongozo Kamili wa Kumwandika

Kila ninapoletewa rundo la hadithi za wanafunzi nizisome, najua humo ndani yumo. Nywele hajachana, koti zito la mtumba hata juani, daftari kwapani. Darasani haingii, ila siku akiingia lazima amuumbue lekchara. Usiku anaghani peke yake juu ya paa la bweni. Wenzake wanamwita Profesa. Ukurasa wa nane anaanza kuongea na kunguru, wa kumi na mbili amekufa, na chini ya godoro linakutwa daftari la mashairi ambayo, tunaambiwa, yangeitikisa dunia. Hatuonyeshwi hata ubeti mmoja.

Nami nilishamwandika. Nilikuwa mwaka wa pili, nikampa jina zuri, nikamuua vizuri, nikajiona fasihi nimeimaliza. Mzee mmoja niliyempa aisome aliniuliza maswali matatu: Huyu alikuwa anakula wapi? Alikuwa analala saa ngapi? Na hayo mashairi yako wapi? Sikuwa na jibu hata moja. Hatua zinazofuata zote zimetokana na maswali ya mzee yule. Nitatumia mhusika wa kubuni, Tunu, mwanafunzi wa Kiswahili mwaka wa tatu, anayekaa ghorofa ya nne bweni lisilopandisha maji.

Hatua ya 1: Ujue ukoo wake

Wazo kwamba ushairi na wazimu ni ndugu ni la kale. Plato aliandika kwamba anayebisha mlango wa ushairi akiwa na ufundi peke yake, bila kichaa kinachotoka kwa miungu, hafunguliwi. Ulaya wakalilea wazo hilo karne kwa karne. Lakini yule kijana wa koti zito hakutoka Ugiriki. Alitoka Marekani, na koti lake ni la baridi ya huko.

Hadi katikati ya karne ya 20 vyuo vikuu vya Marekani vilikuwa vimeanza kuwaajiri washairi kufundisha kutunga. Iowa walikuwa na programu yao tangu 1936. Mshairi akapata mshahara, ofisi na darasa la vijana wanaomkodolea macho, na kama ana maradhi, maradhi yakaanza kupanda mbele ya darasa. Robert Lowell alifundisha Boston huku akiingia na kutoka hospitali ya wagonjwa wa akili. Mwaka 1959 Sylvia Plath na Anne Sexton walikaa katika darasa lake. John Berryman alifundisha Minnesota mpaka alipojiua mwaka 1972. Delmore Schwartz, aliyefundisha Princeton kisha Syracuse, alipatwa na mshtuko wa moyo katika hoteli ya New York mwaka 1966, akafa, na maiti yake ikakaa siku kadhaa bila mtu wa kuidai. Miaka tisa baadaye Saul Bellow, aliyewahi kufanya naye kazi Princeton, alimgeuza kuwa mshairi wa riwaya yake Humboldt's Gift. Tangu hapo kila kampasi ya kubuni imekuwa na mwendawazimu wake mwenye kipaji.

Sasa geukia kwetu, maana hapa ndipo wengi wanaporuka. Malenga wa Kiswahili hakuwa kichaa. Alikuwa fundi, mara nyingi mtu mzima mwenye heshima zake, anayeitwa kusuluhisha, kukejeli na kufundisha. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga siasa za mji wake kwa hesabu kali za vina na mizani. Fumo Liyongo akiwa gerezani alimtuma kijakazi Saada kwa wimbo, mama yake aoke mkate wa wishwa na ndani afiche tupa. Walinzi wakausikia wimbo wasiuelewe, Liyongo akakata pingu. Huyo ni mtu mwenye akili timamu kuliko wote waliokuwemo mle gerezani. Abdilatif Abdalla naye, aliyefungwa Kenya kati ya 1969 na 1972, aliandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, na mizani hazikupungua.

Je, hatuna kabisa mahali ambapo wimbo na wazimu vinakutana? Tunapo. Ni kwenye kupunga pepo. Lakini angalia nani anaimba: ni mganga na wasaidizi wake, na wimbo ni dawa. Mgonjwa ndiye anayeimbiwa.

Chukua karatasi, andika ukurasa mmoja wa maelezo (usiouweka kwenye hadithi) kujibu swali hili: mshairi wako anajiona ni wa ukoo upi? Mwanafunzi wa leo asubuhi anafundishwa Muyaka, mchana anasomeshwa fasihi ya Kiingereza. Anaweza kabisa kuamua kwamba bila ukichaa hawezi kuwa mkubwa, akaanza kujifanyisha. Anaacha kuchana nywele kwa makusudi. Halafu ugonjwa wa kweli unaingia, na hakuna anayeuona kwa sababu wote wamezoea maigizo. Hapo una hadithi tayari, na hujamgusa kunguru.

Hatua ya 2: Mpe ugonjwa, usimpe "ukichaa"

Neno "kichaa" kwenye hadithi litumiwe na majirani. Wewe mwandishi huna ruhusa ya kulitumia kama maelezo, kwa sababu halielezi kitu. Unatakiwa ujue mhusika wako anaumwa nini hata kama jina la ugonjwa halitajwi mpaka mwisho.

Sonona inamlaza mtu, inamwondolea ladha ya chakula na ya watu. Skizofrenia inaweza kumletea sauti zinazomtukana au imani kwamba anafuatiliwa. Baipola ina vipindi viwili: cha juu, ambapo mtu halali wala hachoki, anaongea kama maji ya bomba, anatumia hela kama za kuokota na kujiona ametumwa, na cha chini, ambacho ni sonona. Skizofrenia na baipola mara nyingi huanza mtu akiwa mwishoni mwa miaka ya ujana au mwanzoni mwa ishirini na kitu, yaani umri uleule wa kuwa chuoni. Kwa hiyo huhitaji kusema kwamba vitabu vimemharibu. Angeweza kuwa fundi magari, na mwaka uleule ugonjwa ungemkuta gereji.

Watu watakuambia kuna utafiti. Upo. Mwaka 1987 daktari Nancy Andreasen alitoa matokeo ya kuwahoji waandishi 30 wa Iowa na watu 30 wa kuwalinganisha nao: waandishi 80 kwa mia walishawahi kupata ugonjwa wa hisia (kama sonona au baipola), wale wengine 30 kwa mia. Takwimu hii inazunguka kila mahali. Kisichozunguka ni kwamba watu 30 ni wachache sana, kwamba aliyewahoji alikuwa akijua nani ni mwandishi, na kwamba waandishi walewale walimwambia huandika wakiwa wazima. Ugonjwa ukiwapandisha au ukiwashusha, kazi haiendi. Utafiti mkubwa zaidi wa Sweden wa mwaka 2013, uliopitia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya milioni moja, uliwakuta waandishi na hatari zaidi kweli. Ila ulikuta pia jambo ambalo kwa mtunzi ni almasi: ndugu wa wenye baipola na skizofrenia, wale wasioumwa, walionekana kwa wingi katika kazi za ubunifu. Yaani yawezekana kaka ndiye mgonjwa, na mshairi ni dada anayempelekea chakula wodini.

Mimi nimempa Tunu baipola, kwa sababu kipindi cha juu kinafanana na kipaji mpaka kinamdanganya kila mtu, yeye wa kwanza. Kisha nikachukua kalenda ya muhula na kuijaza. Wiki ya tatu: bumu (mkopo wa serikali wa kujikimu) limeingia, amelipa madeni, analala kwa muda wa saa sita kila usiku. Wiki ya sita: analala kwa saa nne tu, anaandika shairi kila usiku, wote wanampongeza. Wiki ya nane: kwa saa mbili, amenunua kanga kumi na mbili za kuwagawia wapishi wa kafeteria, hela imekwisha. Wiki ya tisa hajalala kabisa siku tatu, anamsubiri lekchara nje ya ofisi saa kumi na moja alfajiri ili amsomee utenzi. Wiki ya kumi yuko hospitalini, mitihani inakaribia. Ukishakuwa na kalenda kama hii, hadithi inaanza kujisukuma. Usiiandike yote. Ijue tu.

Usingizi ndio kipimo. Mwandishi asiyejua mhusika wake amelala saa ngapi asiandike habari za kurukwa na akili.

Hatua ya 3: Andika mashairi yake, kwa mkono wako

Hii ndiyo hatua watu wanayoikimbia, na ndiyo inayowaumbua. Ukituambia fulani ni mshairi mkubwa, tuonyeshe. Usipoweza kutunga ubeti mmoja unaosimama, mfanye awe mchoraji.

Huu ni ubeti wa Tunu wa wiki ya tatu, akiwa mzima:

Ndoo ngazini napanda, maji yanipiga guu,
Tone kwa tone yaenda, robo tu yafika juu,
Mama kauza kibanda, nipate kukwea nguu,
Ndoo yangu imekonda, na kiu yangu ni kuu.

Hesabu. Mizani nane, nane, kila mshororo. Vina vya kati "nda", vya mwisho "uu". Si shairi la kutikisa dunia, na silazimishi liwe hivyo, lakini limefanya kazi: maji yanayomwagika ngazini yamekuwa kibanda cha mama kinachomwagika ngazi kwa ngazi mpaka shahada. Hakuna aliyetuambia Tunu ana akili. Tumeiona ndoo ikikonda.

Sasa wiki ya tisa. Hapa waandishi wengi huandika maneno ya ajabuajabu, nyota zinazotapika damu na mengineyo, wakidhani ndiyo lugha ya wazimu. Usikilize kipindi cha juu kilivyo hasa. Moja ya dalili zake ni kwamba maneno huanza kufuatana kwa mlio badala ya maana. Neno linaita jingine kwa sababu yanalingana sauti, na mtu anaongea haraka hata huwezi kuingiza lako. Kwa Kiswahili, lugha ya vina, dalili hii inatisha, kwa sababu inafanana na ufundi:

"Ndoo, kondoo, mkondo, konda, konda wa daladala, dala, dola, dua, ua, jua, najua, mnajua, mnanijua!"

Vina vimejaa, tele. Mizani imekufa. Hoja imekufa. Mama hayumo tena, ngazi haimo, maji yamegeuka mkondo kwa sekunde moja na kupotea. Neno la kwanza ni lilelile la ubeti wa kwanza, ndoo, na msomaji aliyeusoma ule atashtuka bila kuambiwa chochote. Na hapohapo weka watu wanaompigia makofi. Wanadhani ni mtindo mpya. Mmoja anamrekodi kwa simu na kurusha kwenye grupu la darasa, chini watu wanaweka vidole gumba na moto.

Tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani yake ya mashairi huru, mwaka 1974, ugomvi wa mashairi ya kimapokeo na mashairi huru haujakauka kwenye idara zetu. Mpe Tunu mwalimu mmoja wa kila upande. Wa mapokeo atasema binti kavunja mizani kwa kukosa adabu. Wa mashairi huru atasema kavunja kwa ujasiri. Wote wawili wanajadili dalili ya ugonjwa kana kwamba ni msimamo wa kifasihi, na hakuna aliyemuuliza amekula nini. Ukitaka kucheka kidogo katika hadithi ya huzuni, cheka hapo.

Andika basi tungo tatu kabla hujaandika sura ya kwanza: ya uzima, ya kupanda, na ya baada ya hospitali. Hiyo ya tatu tutairudia.

Hatua ya 4: Chuo kiwe na mkono katika mambo

Hadithi nyingi za kampasi zimeweka chuo kama pazia la picha: kuna miti, kuna maktaba, basi. Ondoa chuo uone kama hadithi inaanguka. Isipoanguka, hujaandika hadithi ya chuo.

Riwaya ya Bellow haikudumu kwa sababu mshairi wake ni mwehu. Imedumu kwa sababu anakula njama ya kupata kiti cha uprofesa Princeton, na njama yenyewe imesukwa kwa akili sana, mpaka huwezi kusema wapi ujanja umeishia na wapi wazimu umeanzia. Huko ndiko kampasi iliko: kwenye nafasi, pesa, majina, makaratasi.

Kwetu makaratasi ni haya. Kuna bumu, na siku linapochelewa bweni zima linajua. Kuna sapu (mtihani wa kurudia), kuna kudisko (kuondolewa chuo kwa kufeli). Kuna fomu ya kuahirisha masomo, na ukiahirisha, bumu nalo linasimama, kwa hiyo mgonjwa anarudi nyumbani bila ada, bila hela ya kula, na bila la kuwaambia majirani. Kuna wadeni, yaani msimamizi wa bweni, mshauri wa wanafunzi, zahanati ya chuo yenye foleni ya malaria. (Msomaji wa Kenya aweke mkopo wa HELB mahali pa bumu, na hospitali ya akili ya Mathari mahali pa Mirembe ya Dodoma, mengine ni yaleyale.) Anayeumwa akili chuoni haanguki shimoni mara moja. Anateremshwa dirisha kwa dirisha, na kila dirisha lina muhuri.

Kumbuka pia kwamba maneno chuoni hayajawahi kuwa ya kupendeza tu. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kulikuwa na Punch, mabango ya siri yenye vikaragosi na maneno ya kejeli, yaliyobandikwa ukutani usiku kumwandama mtu kwa jina. Mwaka 1990 mwanafunzi wa kike aliyeandamwa nayo alijiua. Waliokuwa wakiyaandika walikuwa na kipaji cha maneno, tena kikali, na akili zao zilikuwa timamu kabisa. Ukitaka kuandika uhusiano wa kipaji na wazimu usiofuata njia ya wote, anza hapo: mwenye kipaji yuko mzima, aliyevunjika ni mwingine.

Hatua ya 5: Chagua anayesimulia, umpe sababu ya kunyamaza

Usimpe mgonjwa kazi ya kusimulia kama ni mara yako ya kwanza. Inawezekana, lakini ni kazi ya mkono uliokomaa. Njia iliyozoeleka ni rafiki aliyebaki hai. Ni njia nzuri yenye mtego: rafiki anakuwa kamera. Anaona yote, anahuzunika sana, hafanyi chochote, na hatuambiwi kwa nini.

Msimulizi wangu anaitwa Neema, na hana chumba. Anabebwa. Aliyekaa hosteli anajua maana yake: jina lako halimo kwenye orodha ya bweni, unalala kitanda kimoja na mwenye chumba, ukisikia wadeni anapita unajibanza bafuni. Neema analala kwenye godoro la Tunu la futi tatu, miguu kwa kichwa.

Angalia jambo hili dogo linavyobeba hadithi nzima. Tunu anapoanza kukosa usingizi, wa kwanza kujua ni Neema. Na wiki ya kwanza ya kukesha huko anafurahi, maana kitanda kizima kimekuwa chake. Anajinyoosha. Anasikia kalamu ikikwaruza karatasi gizani na anamshukuru Mungu kwa nafasi. Wiki ya tatu ya kukesha ameshajua kuna tatizo, lakini akienda kwa wadeni kumweleza, swali la kwanza atakaloulizwa ni, "Na wewe umejuaje halali? Unakaa chumba namba ngapi?" Basi ananyamaza usiku mmoja, wa pili, wa tatu. Sikumfanya mbaya. Nimempa godoro tu.

Mazungumzo yao yawe ya watu wanaogawana sabuni:

"Shosti, njoo ulale bwana, saa tisa hii."
"Wewe lala. Ikinipita hii hairudi."
"Hiyo nini?"
"Husikii?"

Wakate hapo. Kishawishi kitakuwa kikubwa cha kumfanya Tunu atoe hotuba juu ya sanaa na maisha. Mnyime. Mtu aliye kwenye kipindi cha juu hahutubu kwa mpangilio, na rafiki mwenye usingizi hasikilizi.

Hatua ya 6: Waache watu waseme wanavyosema

Hakuna mtu bwenini atakayesema "ana dalili za ugonjwa wa hisia". Kwanza watasema malaria imempanda kichwani, na hiyo si ujinga, maana malaria kali kweli huchanganya akili; ni busara zahanati kuanza na kipimo cha damu. Kisha watasema kasoma kupita kiasi. Kisha bangi. Kisha mapenzi, maana kwa msichana lazima yatafutwe mapenzi. Mvulana akirukwa na akili wanasema kipaji kimemzidi. Msichana wanasema kaachwa. Tofauti hiyo peke yake inatosha sura moja.

Halafu atakuja shangazi kutoka kijijini, naye atasema kachezewa, au ana jini la watu. Usimdhihaki. Shangazi ndiye aliyepanda basi usiku kucha, na ndiye atakayelala sakafuni wodini. Maprofesa hawatakuja.

Kuna tukio moja linalofaa kuandikwa kwa karibu sana. Wagonjwa wengi wa namna hii huanzishiwa dawa ya kutuliza iitwayo haloperidoli. Baadhi yao, siku za mwanzo, shingo hukakamaa na kupinda upande, macho yakapanda juu, ulimi ukawa mzito. Ni madhara ya dawa, na kuna dawa nyingine ya kuyalegeza, inafanya kazi haraka. Lakini jiweke mahali pa shangazi, saa nane usiku, nesi yuko wodi ya pili, na mtoto wako aliyekuwa anaongea kupita kiasi sasa anaangalia dari kwa macho meupe na hawezi kutamka jina lako. Utasema nini kama si jini? Andika hilo bila kumsahihisha. Acha nesi aje na sindano, shingo ilegee, na shangazi aendelee kuamini analoamini huku akimshukuru nesi.

Hatua ya 7: Kuhusu kifo

Kwa ufupi. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu katika Kichwamaji, riwaya ya Kezilahabi ya mwaka 1974, anajiua, na tangu hapo waandishi wengi wachanga wanaona kujiua ndiyo alama ya nukta ya hadithi ya msomi. Mara nyingi ni uvivu: mwandishi hajui la kufanya na mtu anayepona. Kama hadithi yako inakidai kifo kweli, usieleze njia wala kifaa, usikifanye kizuri, na usikiandikie barua tamu ya kuaga. Bakiza nafasi kwa waliobaki: kitanda, deni la duka, simu inayoita. Ujue na sheria ya mahali pako, maana inabadili vitendo vya watu. Tanzania, kujaribu kujiua ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Kenya, Mahakama Kuu ilikitangua kifungu kama hicho Januari 2025. Familia inayoogopa polisi itamdanganya daktari, na uongo huo wodini ni tukio lenye nguvu kuliko kifo chenyewe.

Hatua ya 8: Mrudishe, kisha umwache aandike vibaya

Lowell alianza kunywa lithiamu, dawa ya baipola, mwaka 1967. Ni aina ya chumvi tu. Alimwambia mchapishaji wake jinsi inavyouma kufikiri kwamba mateso yote aliyoyapata, na aliyowasababishia watu, huenda yalitokana na upungufu wa chumvi kidogo kichwani. Soma tena uone lilivyo zito: mtu mzima amejengewa jina la mwendawazimu mtukufu, halafu anaambiwa ilikuwa chumvi.

Hapo ndipo ninapompeleka Tunu. Amekosa mwaka. Amerudi mwaka uliofuata, amenenepa, mikono inatetemeka kidogo, maji anakunywa lita kwa lita, kila baada ya muda anakwenda kupimwa damu. Wanafunzi wapya hawamjui. Wa zamani wanamwita "malenga" kwa sauti ambayo zamani hawakuwa nayo. Video ya "ndoo kondoo" bado ipo kwenye simu za watu, na kuna anayemwambia, kwa nia njema kabisa, "Ile ndiyo ilikuwa kali. Siku hizi umepoa."

Tungo ya tatu basi iwe ya mtu huyo. Kosa kubwa hapa ni kumpa shairi la ushindi. Mpe mshororo mbovu. Mpe mizani tisa mahali pa nane. Aone imezidi, akasirike, afute, ahesabu vidole, afute tena. Onyesha kazi: penseli, kifutio, jasho. Hakuna kinachomnong'oneza usiku. Kama atatunga tena kama wiki ya tatu, itatokana na kuhesabu.

Ukishamaliza rasimu, ipitie mara moja kwa ajili ya mambo mawili tu. Kwanza, kila mahali palipoandikwa "kichaa", "wazimu", "chizi", "mwehu", angalia nani anasema. Kama ni wewe, futa. Pili, msomee mtu aliyeuguza. Usimuulize kama ni hadithi nzuri. Muulize wapi umedanganya. Mimi nilifanya hivyo, nikaambiwa nimesahau njaa: dawa nyingine huleta njaa kali, na mgonjwa anayerudi hosteli na kula sahani mbili kafeteria huchekwa kabla hajaulizwa hali. Nikaiongeza sahani ya pili.

Sura yangu ya mwisho iko ngazini. Neema sasa ana chumba chake, ghorofa ya pili, lakini amepanda hadi ya nne kumsaidia mwenzake ndoo, mmoja kushoto mmoja kulia, mshikio unakata vidole. Tunu anasimama kati ya ghorofa, anapumua, midomo inacheza, anahesabu kitu.

"Kipandio ni mizani mingapi?"

Neema anaiweka ndoo chini, anatumia vidole vya mkono uliobaki mkavu. "Nne."

"Basi haiingii," Tunu anasema, na wanainyanyua tena.